Jiolojia kwa watoto wa Dodoma: ianze mapema, lakini ianzie wapi?

Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara, na kuua watu wengi. Kwa kuwa Hanang ulijengwa na volkano, haukupita muda watu wakaanza kuambizana kwamba volkano imelipuka, hadi wataalamu wa serikali walipoeleza kwamba mvua kubwa ililoweka mwamba dhaifu na sehemu ya mlima ikameguka. Uvumi ule unanifanya niulize elimu yetu ya miamba inaanza lini na inaanzia wapi. Je, mtoto wa madarasa ya chini ya shule ya msingi afundishwe jinsi milima, mabonde na udongo vinavyotokea, au asubiri hadi sekondari?

Wanaotaka asubiri wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Jiolojia ni elimu ya muda mrefu kupindukia, na mtoto wa miaka minane, ambaye kwake mwaka mmoja hadi sikukuu nyingine ni mrefu mno, hana namna ya kushika maana ya miaka milioni moja, sembuse bilioni. Akiambiwa tu, atakariri. Hatari nyingine ni mfano rahisi unaokaa kichwani na kukataa kutoka. Katika maonyesho ya shule hutengenezwa mlima wa udongo, ukatiwa soda ya kuokea, ukamwagiwa siki, na povu likafurika huku watoto wakishangilia. Ni jambo la kufurahisha, lakini ndani ya volkano hakuna asidi inayokutana na soda. Kuna mwamba ulioyeyuka wenye gesi ndani yake, na unapopanda karibu na uso wa Dunia shinikizo hupungua, gesi ikajitenga na kuusukuma nje. Aliyejifunza kwa siki atahitaji baadaye mwalimu wa kumwondolea alichojifunza.

Hata hivyo, hoja hiyo inapinga namna ya kufundisha zaidi kuliko umri wa kuanza. Mtoto wa Dodoma hahitaji mlima wa kuigiza. Mji wenyewe umejengwa katikati ya vilima vya graniti, Mlimwa ukiwa mmojawapo, na mwamba huo una umri wa takribani miaka bilioni 2.5 au zaidi, yaani zaidi ya nusu ya umri wa Dunia, wakati Kilimanjaro, ambao ndio hupambwa vitabuni, haujafikisha hata milioni 3. Mtoto akiokota kipande kilichopasuka karibuni na kukigeuzageuza juani, ataona chembe zinazong'aa kama kioo, nyingine za rangi ya waridi au nyeupe, na vidoa vyeusi vinavyometameta. Ukubwa wa chembe hizo ni ushahidi: mwamba ulipoa polepole, chini sana ardhini, na chembe zikapata muda wa kukua. Swali linalofuata watoto huliuliza wenyewe. Kama ulipoa chini, umefikaje juu? Jibu ni kwamba haukuruka. Kilichokuwa juu yake ndicho kilichoondolewa, na mzigo ulipopungua mwamba ukaanza kubanduka matabaka kwa matabaka kama maganda ya kitunguu, jambo linaloonekana kwa macho kwenye majabali mengi ya mji huu.

Hapo muda unaanza kuingia bila tarakimu. Mtoto hajui bilioni ni nini, lakini anaweza kulinganisha jabali ambalo babu yake alilikuta lilivyo na korongo lililopanuka kwa msimu mmoja wa mvua. Kule Kondoa mmomonyoko ulifikia hatua ya serikali kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi ili uoto urudi. Wazee walioshuhudia hayo bado wapo, na simulizi yao ni somo la jiolojia linalomfaa mtoto kuliko mchoro wa kiini cha Dunia.

Kwa hiyo naona ianze mapema, kwa mpangilio tofauti na ule wa kawaida wa kuanzia kwenye kiini cha Dunia na kupanda juu. Kwanza kuvunjika kwa mwamba, kusombwa na kutua: chupa ya maji yenye udongo wa korongoni, ikitikiswa na kuachwa, huonyesha mchanga ukitua kwanza na tope laini likichelewa hadi kesho yake. Kisha mandhari pana. Anayepanda treni ya reli ya kati kutoka Bahi kwenda Manyoni hukwea ukingo wa Bonde la Ufa kwenye eneo la Saranda, akitoka katika ardhi iliyodidimia. Kwamba bara la Afrika linaachana hapo kwa milimita chache kwa mwaka, hilo lingoje darasa la juu. Matetemeko ndiyo pekee nisingeahirisha, kwa sababu mtoto anayeishi karibu na Bonde la Ufa anapaswa kujua la kufanya kabla hajajua chanzo.

Wapo wazazi wanaohofia kwamba umri wa miamba utagongana na mafundisho ya dini. Kuanza na kinachoonekana kunampa mwalimu nafasi ya kuliendea hilo kwa heshima. Wengine wanahofia usalama, na wako sahihi: machimbo ya kokoto, ambako moto huwashwa juu ya mwamba ili utanuke na kupasuka, yanafundisha mengi, lakini si mahali pa kupeleka darasa zima. Makumbusho ya miamba na madini ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania yako hapa hapa Dodoma, na ni salama zaidi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mtihani. Mwalimu hupimwa kwa ufaulu, na swali la kuchagua herufi linaweza kuuliza aina tatu za miamba, lakini haliwezi kumwekea mtoto kokoto mkononi na kumtaka aeleze anachokiona. Upimaji wa darasani usipopewa uzito kwa kazi ya namna hiyo, jiolojia ya mapema itageuka orodha ya kukariri, na hapo nitakubaliana na wanaosema isubiri.