Epoksi haizoeleki

Kijana anayeanza kazi ya mashua Matondoni au Lamu mjini akilalamika kuwa mikono inamwasha, jibu ni moja: vumilia, utazoea. Wasemao hivyo hawasemi ovyo. Faiba humwasha kila mgeni, kwa sababu vinyuzi vya kioo huchoma ngozi. Ukioga muwasho hupungua, na kadiri siku zinavyokwenda huusikii tena. Isitoshe, epoksi, yaani gundi ya resini inayochanganywa na kigumishi ili igande, imewapunguzia wenye vyombo gharama ya kukalafati (kuziba nyufa za mbao kwa pamba) mara kwa mara, na kuvaa glovu kwenye jua la Februari ni adhabu. Wapo pia mafundi walioishika miaka mingi na ngozi zao ni salama.

Shida ni kwamba epoksi si faiba. Resini isiyoganda ina molekuli ndogo, za uzito wa 340 hivi, zinazopenya ngozi. Kigumishi nacho kina kemikali ziitwazo amini. Kinga ya mwili ikishazitambua kama adui, haisahau tena, na tangu hapo tone dogo linatosha. Kwa hiyo ushauri wa kuvumilia, unaofaa kwa faiba, hapa ndio unaomharibu mtu: kila siku ya kuvumilia ni nafasi nyingine ya mzio (aleji) kuingia, au kuzidi kama umeshaingia.

Mzio huu hauna haraka. Fundi aweza kufanya kazi miezi, hata miaka, bila dalili. Kisha siku moja anapaka gundi, analala salama, na kesho au keshokutwa vipele vya maji vinatoka kati ya vidole na kope zinavimba. Kope ndizo zinazopoteza watu, maana hakujipaka usoni. Mvuke wa kigumishi, vumbi la msasa, au kidole kilichofuta jasho vinatosha. Kwa kuwa siku imeshapita, lawama huwaangukia kamba aliokula usiku. Daktari wa ngozi huthibitisha kwa kubandika kemikali mgongoni saa 48, kisha kusoma matokeo.

Tabia mbaya kuliko zote ni kunawa kwa thina. Thina huyeyusha mafuta ya ngozi na kuifungulia resini njia. Pangusa kwa karatasi kavu, kisha sabuni na maji. Glovu nyembamba za mpira wa hospitali hazizuii epoksi; tumia za nitraili, na zikichafuka zitupwe, zisioshwe kwa thina zivaliwe tena. Kigumishi kipimwe kama kopo linavyosema, sehemu 2 za resini kwa 1 ya kigumishi, au 5 kwa 1, maana kukizidisha hakuharakishi kuganda, hubakiza tu kemikali hai ndani ya gundi. Hiyo ndiyo hatari ya kupiga msasa mapema pia: gundi ngumu kwa kidole huenda bado haijakomaa, na yaweza kuchukua wiki nzima.

Mwenye kazi akisema glovu ni ghali, Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga na vitu vyenye madhara. Na aliyekwisha kupata mzio asiitwe mvivu wala asifukuzwe. Ufundi wake uko palepale: apewe tezo, au pamba ya kalafati, na akae joshini, upande upepo unakotoka, mbali na wanaopiga msasa.