Tume sio kaburi

Bongo ukisikia "imeundwa tume" wengi wanaelewa moja kwa moja kwamba hilo jambo limeshazikwa. Na hoja yao sio ndogo. Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi ya tume, anaandika yule yule aliyeteua, posho zinalipwa, kazi ikiisha watu wanatawanyika na ripoti ikishapokelewa Ikulu hakuna mjumbe mwenye ofisi ya kwenda kuuliza imefikia wapi. Jaji Warioba, mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, alikabidhi rasimu ya pili ya katiba tarehe 30 Desemba 2013 ikiwa na serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), mwaka uliofuata Bunge Maalum likarudisha mbili, na tume ilikuwa ishavunjwa, hata nafasi ya kujitetea haikuwepo.

Hayo nayakubali. Ila turudi 1991, maana pale ndipo naona watu wanaionea tume.

Rais Mwinyi alimpa Jaji Mkuu Francis Nyalali kazi moja, zungukeni nchi nzima mkaulize, tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi. Wakazunguka bara na visiwani, jibu likaja kama asilimia 80 chama kimoja, kama 20 ndio vyama vingi. Hapo kwa hesabu ya kawaida kazi imeisha, andika ripoti rudi nyumbani. Wao wakapendekeza vyama vingi!

Hiyo 20 mimi huwa inanikalisha kitako kila nikiifikiria. Kuna wanaosema ule ulikuwa ubabe wa wachache, yani watu 80 wamekataa halafu nyie kikundi mnaamua kinyume, sasa mliwauliza ya nini. Lakini hebu angalia nani anapoteza nini, yule anayependa CCM vyama vingi vikija hapotezi kitu, ataendelea kuipigia, na 1995 wengi walifanya hivyo hivyo Mkapa akashinda. Yule wa kwenye 20 akinyimwa amenyimwa chote, hana pa kwenda. Na wengi katika wale 80 wenyewe walikuwa wanataka mabadiliko ndani ya chama. Hayo huyaoni kwenye kuhesabu mikono, unayaona ukikaa na watu ukawasikiliza. Kura ya maoni ingefunga mjadala siku hiyo hiyo, na kamati ya kudumu ya chama sidhani kama ingethubutu kusema chama kipate washindani. Tume ilithubutu kwa sababu haikuwa na kiti chake cha kulinda, ilikuja kwa swali moja ikajibu ikaondoka. Julai 1992 vyama vingi vikaanza kisheria.

Lakini tume hiyo hiyo ilitaja pia sheria 40 kandamizi na ikapendekeza serikali tatu. Kamati ya Jaji Kisanga iliyokusanya maoni ya katiba nayo 1999 ikasema tatu, akaja Warioba akasema tatu. Watu tofauti, miaka tofauti, jibu lile lile, alafu tunasema tume hazina kazi? Kazi walishafanya, aliyekwama ni mpokeaji.

Hata hiki Kikosi Kazi cha Profesa Mukandala, kilichoundwa kuangalia demokrasia ya vyama vingi, Chadema walikigomea na walikuwa na sababu zao. Kilikabidhi ripoti Oktoba 2022, tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia akaondoa zuio la mikutano ya hadhara lililokuwepo tangu 2016, na mwezi huo huo Chadema walikuwa jukwaani Mwanza. Suala la katiba mpya, ambalo nalo lilikuwa kwenye ripoti ile ile, halikwenda kwa mwendo huo.