Enaji ya Jioni, Kichwa cha Jumamosi

Jumamosi asubuhi, Uyole, Mbeya. Mpwa wangu wa kidato cha nne amejikunyata jikoni, kofia ya sweta imemfunika mpaka machoni, kichwa kinamgonga. Dada anasema malaria; kipimo kinakataa. Nikamuuliza jana kanywa enaji ngapi, vile vinywaji vya kopo vya kuchangamsha.

"Jana sikunywa, mjomba. Hela iliisha Alhamisi."

Enaji ina kafeini, na kafeini huziba mahali ambapo ubongo hupokea adenosini, kemikali inayotuambia tumechoka. Ukiizoea kila siku kisha ukakata ghafla, kichwa huanza kuuma kati ya masaa 12 na 24, na hali hiyo huweza kudumu siku 2 hadi 9. Hesabu kutoka Alhamisi jioni uone.

Wapo wanaouita huo uteja. Kwangu neno hilo limezidi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 unatambua maumivu ya kuacha kafeini, ila utegemezi wenyewe umeuweka kwenye mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Halafu sisi ni nani wa kunyoosha kidole? Kahawa inalimwa Mbozi, chai Tukuyu, na baridi ya Julai tumeipiga kwa chai ya rangi tangu hatujaanza shule. Hakuna bibi aliyeitwa teja.

Ila chai ya bibi ni ya moto, unaipuliza, unashushia kiazi. Kikombe kina kama miligramu 40 hivi za kafeini. Enaji inaisha kwa mafundo manne, na sukari yake, dakika chache kabla ya prepo, yale masomo ya kujisomea usiku. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya mwili kwa siku hazina wasiwasi kwa watoto na vijana. Mpwa wangu ana kilo 50, kwa hiyo 150. Makopo mawili ya mililita 250, yale yenye miligramu 80 kila moja, yameshampitisha. Tena nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya masaa kama 5: aliyekunywa saa mbili usiku, saa saba bado anayo nusu. Alfajiri saa kumi na moja kengele inamkuta hajalala vya kutosha, anatafuta kopo jingine.

Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014. Huku kwetu nani atasimamia? Mangi wa kona haulizi kitambulisho, na hata akiuliza, atatumwa kaka mtu. Mimi ningeanza na ratiba ya prepo. Mpwa wangu ana hoja: "Usipokunywa unalalia hesabu." Kweli, kafeini inaamsha. Ila usingizi anaoukwepa ndio unaomshikishia alichosoma.

Dada akamchemshia chai ya rangi, nzito, vikombe viwili. Kufika saa tano kijana yuko nje anapiga danadana.

"Si unaona," dada akaniambia, "ilikuwa baridi tu."