Chandarua Changu na Mtoto wa Jirani

Nimekulia Ahero, karibu na Kisumu nchini Kenya, kando ya mashamba ya mpunga, na kila mara vyandarua vyenye dawa vilipogawiwa kijijini tuliambiwa neno lile lile: mlinde mtoto wako. Neno hilo ni la kweli, lakini naamini limepunguka, kwa sababu hisabati ya malaria inasema jambo kubwa zaidi ambalo sisi watu wa kando ya Ziwa Victoria tunastahili kuelezwa.

Ronald Ross, daktari aliyethibitisha akiwa India mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, hakuishia kwenye hadubini. Kufikia 1911 alikuwa ameandika milinganyo iliyoonyesha kwamba si lazima mbu wote waangamizwe ndipo malaria iishe. Hutosha wapungue chini ya kiwango fulani, ambapo maambukizi mapya hushindwa kufidia wagonjwa wanaopona. Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliongeza jambo lililokuwa limejificha, nalo ni umri wa mbu. Vimelea huhitaji takriban siku kumi ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Tuseme kila siku mbu tisa katika kumi hubaki hai: baada ya siku kumi, katika mbu 100 watakuwa wamesalia kama 35. Wakisalia wanane katika kumi kila siku, siku ya kumi watakuwa 11 tu. Upungufu unaoonekana mdogo kwa siku moja umewaondoa zaidi ya theluthi mbili ya mbu wa hatari, na hesabu hiyo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kwenye daftari lake.

Ndiyo maana kazi ya chandarua chenye dawa haikomei kitandani. Mbu anayetua juu yake leo akafa hatamfikia jirani wiki ijayo. Utafiti mkubwa uliofanywa Asembo, Siaya, mwishoni mwa miaka ya 1990 ulilidhihirisha jambo hili: hata watoto wa nyumba zisizo na vyandarua walinufaika walipoishi ndani ya mita 300 hivi kutoka kwa boma zilizokuwa navyo. Mama ambaye watoto wake wamekua, na ambaye sasa amekitandaza chandarua chake juu ya miche ya sukuma wiki, hajawahi kuambiwa kwamba anamwondolea kinga mjukuu wa nyumba ya pili. Simlaumu. Nawalaumu waliomkabidhi chandarua bila kumpa hesabu yake.

Hata hivyo, modeli, yaani milinganyo kama hiyo inayokadiria jinsi ugonjwa utakavyoenea, huona kile tu ilichoambiwa. Ikiwekwa kwamba watu wote wako ndani ya vyandarua usiku kucha, itatoa jibu la kijiji ambacho hakipo, maana kwetu watu hukesha nje matangani kwa siku kadhaa, na wavuvi wa omena huwa ziwani usiku. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanayajua haya kuliko mtaalamu yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta, lakini mara nyingi huulizwa idadi ya vyandarua pekee. Ningependa fomu zao ziwe na swali moja zaidi: jana usiku mlikuwa wapi, na mliingia kulala saa ngapi?