Inchi 5, Inchi 6 au la Matundu: Tunabishania Kipi Hasa?

Anayefika kwa wafyatuaji wa matofali walio kando ya barabara kati ya Kange na Pongwe, pembezoni mwa Jiji la Tanga, huulizwa kwanza kama anataka ya inchi 5 au ya inchi 6, kisha hutajiwa bei, kisha huulizwa kama gari litafika hadi kiwanjani. Swali la mfuko mmoja wa saruji umetoa matofali mangapi huulizwa zaidi na mteja aliyekwisha kuumwa na nyoka, yule ambaye sasa hushtuka hata akiona ung'ong'o. Mpangilio huo wa maswali ndio ninaotaka kuuchambua, kwa sababu naona umesimama kichwa chini miguu juu, ingawa sikubaliani pia na wale wanaodai kwamba unene wa tofali si kitu mradi saruji imetosha.

Tofali la saruji tulilolizoea huku pwani lina urefu wa takribani milimita 450 na kimo cha milimita 230. Kinachobadilika ni unene tu, milimita 125 kwa lile la inchi 5 na milimita 150 kwa lile la inchi 6. Yote mawili hayana uwazi ndani, ni mchanga, saruji na maji vilivyoshindiliwa, na la inchi 6 hukaribia uzito wa kilo 30. Fundi hulilaza kwenye msingi ili upate upana, na hulisimamisha kwenye ukuta. Pembeni ya hayo lipo tofali la matundu, lipo la kufungamana, ambalo moja hushikana na jingine, linalotengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, na lipo lile jepesi lililojaa vipovu vya hewa, lililobuniwa Sweden katika miaka ya 1920, ambalo sijaliona kwenye saiti yoyote ya mtaani kwetu na kwa hiyo naliacha huko liliko.

Wanaotetea inchi 5 wana hoja nzuri kuliko wanavyodhaniwa. Chukua ukuta wa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, wenye kimo cha mita 3, uliojengwa kwa tofali la inchi 6. Kila mita moja ya urefu wa ukuta huo ina uzito wa kilo 900 hivi, na ukiongeza kenchi na mabati unapata tani moja na ushei inayokandamiza tofali la chini kabisa. Uzito huo ukigawanywa katika eneo linaloubeba, kila milimita mraba hubeba chini ya newtoni 0.1 (newtoni kumi ni kama uzito wa kilo moja). Katika mapokeo ya Kiingereza ya ujenzi, ambayo yameathiri sana uhandisi wetu, tofali la kawaida la nyumba hutarajiwa kuhimili newtoni zipatazo 3 kwa milimita mraba, yaani zaidi ya mara thelathini ya mzigo huo. Kwa hiyo mtu akisema kwamba nyumba ya vyumba vitatu na paa la bati haihitaji inchi 6 ili isidondoke kwa uzito wake yenyewe, amesema kweli, na pesa ya unene huo anaweza kuipeleka kwenye lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta kwa juu.

Hata hivyo, ukuta hauanguki kwa kukandamizwa tu. Huanguka pia kwa kusukumwa ubavuni, na upepo wa kusi unaotoka baharini hausukumi kutoka juu kwenda chini. Hapa unene una kanuni yake: ukakamavu wa ukuta dhidi ya kupinda huongezeka kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo kutoka inchi 5 kwenda inchi 6 unaongeza asilimia 20 ya mchanga na saruji lakini unapata ukakamavu wa ziada wa karibu asilimia 73. Kwa ukuta mrefu usio na nguzo wala kuta za kukatiza, mathalani uzio wa kiwanja au ukuta wa ukumbi, hiyo si tofauti ya kupuuza. Kwa ukuta wa chumba cha kulala chenye mita 3 kwa 3, ambao umeshikwa na wenzake kila kona na kufungwa juu kwa lenta, faida hiyo ipo lakini haina kazi kubwa ya kufanya. Mimi ningeweka inchi 6 kwenye kuta za nje na inchi 5 ndani, na sioni aibu kwamba ndivyo mafundi wengi wa mtaani walivyokuwa wakishauri kabla sijafanya hesabu hii.

Tatizo ni kwamba hesabu zote hizo zinasimama juu ya dhana moja, kwamba tofali ni tofali kweli. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, ambazo hazijazi ndoo mbili za lita 20. Tofali la inchi 6 lina ujazo wa lita 15 na nusu. Mfuko mmoja ukitoa matofali 40 ya inchi 6, umegawanywa katika lita 620 za tofali, na hata tukipuuza kwamba mchanga hupungua ukishindiliwa, hizo ni sehemu 17 au 18 kwa sehemu moja ya saruji. Ukitoa 25, ni sehemu 11. Anayetaka uwiano wa moja kwa nane, ambao vitabu vya ujenzi huuona kuwa wa wastani, hataambulia zaidi ya matofali 18 kwa mfuko, na nina hakika kwamba ukimtajia mfyatuaji yeyote wa barabarani idadi hiyo atakutazama kama mtu aliyepotea njia.

Katika namba hizo kuna mtego ambao wateja wengi hawauoni. Mfyatuaji akisema kwamba kwake mfuko hutoa 36, hajasema kitu mpaka aseme ni 36 za inchi ngapi, kwa sababu matofali 36 ya inchi 5 yana ujazo uleule wa matofali 30 ya inchi 6. Anayefyatua idadi moja kwa kalibu zote mbili, yaani fremu za kufyatulia, na wapo, anakuuzia katika inchi 6 tofali nene lenye saruji haba kuliko lile jembamba. Mteja analipia unene na kuondoka na udhaifu. Uzio wangu mwenyewe ulinifundisha hilo: niliujenga kwa matofali ya inchi 6 niliyoyapenda kwa macho, na baada ya masika mawili kozi za chini, yaani mistari ya chini ya matofali, zilikuwa zikimomonyoka kwa kukwaruzwa na kidole, ilhali ukuta wa jirani yangu, uliojengwa kwa inchi 5 alizofyatua mwenyewe huku amesimama na daftari, bado unatoboka kwa shida ukipigiliwa msumari wa zege.

Lakini si haki kumtupia mfyatuaji mzigo wote. Anayefyatua 25 kwa mfuko analazimika kuuza ghali kuliko jirani anayefyatua 40, na matofali ya wote wawili, yakiwa yamepangwa kwenye jua, yanafanana kama mapacha. Soko linalonunua kwa macho humfukuza muuzaji mwaminifu kwanza. Inashangaza kidogo kuona jambo hili likitokea mlangoni mwa viwanda, kwa kuwa Tanga imekaa juu ya mwamba wa chokaa, ndio huohuo uliochongwa na maji ukatupatia Mapango ya Amboni, na saruji inachomwa Pongwe, mwendo mfupi tu kutoka mahali matofali hayo yanapofyatuliwa.

Mchanga nao una ubishi wake. Wapo wanaosema kwamba mchanga wa ufukweni hauna neno, na ushahidi wao ni magofu ya mji wa kale wa Tongoni, kusini mwa Tanga, ambako kuta za mawe ya baharini zimestahimili hewa ya chumvi kwa karne nyingi. Hoja hiyo inavutia lakini inalinganisha vitu viwili visivyofanana. Kuta zile ni nene, zimeungwa kwa chokaa, na hazina chuma ndani. Sisi tunajenga ukuta mwembamba, tunaupiga lipu ya saruji na kuufunga kwa lenta yenye nondo, na chumvi ikipata unyevu husafiri hadi kwenye nondo na kuianzishia kutu, ambayo huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Chumvi hiyohiyo ndiyo inayojitokeza ukutani kama unga mweupe na kuibambua rangi. Zaidi ya hayo, mchanga wa ufukweni una chembe ndogo zinazolingana, hivyo huacha nafasi nyingi na kudai saruji zaidi. Mchanga wa mtoni, au uliochanganywa na vumbi la mawe kutoka kwenye machimbo, hupangika vizuri zaidi.

Halafu kuna maji ya baada ya kufyatua, ambayo hayaonekani kwenye bei. Saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Hata zile namba 32.5 na 42.5 zilizoandikwa kwenye mifuko ni newtoni kwa milimita mraba ambazo mchanganyiko wa maabara lazima ufikishe siku hiyo ya 28. Tofali lililofyatuliwa wakati wa kaskazi, likaachwa juani bila kumwagiliwa na kupakiwa kwenye gari siku ya tatu, limenyimwa maji wakati lilipokuwa likiyahitaji zaidi. Likijengewa likiwa bichi, huendelea kusinyaa ndani ya ukuta, na ndipo unapoona nyufa zinazopanda kwa ngazi kufuata viungo vya mota, ambazo mwenye nyumba humlaumu fundi wa msingi kwa ajili yake.

Sasa tofali la matundu. Kwetu linaonekana kama ujanja wa kumpunja mteja, na nakiri kwamba hata mimi nililiona hivyo kwa muda mrefu, ilhali katika nchi nyingine ndilo tofali la kawaida tangu Mmarekani Harmon Palmer alipopewa hataza ya mashine yake ya kulifyatua mwaka 1900. Mwenye kulitilia shaka na autazame mwanzi: uko wazi ndani, lakini hauvunjiki kirahisi, kwa sababu kilicho pembeni ndicho kinachozuia kupinda. Sehemu ya tofali iliyotobolewa katikati kwa nusu ya unene wake hupoteza moja ya nane tu ya ukakamavu wake. Mjenzi anapata tofali jepesi, anatumia zege kidogo, anapunguza uzito juu ya msingi, na akitaka anapitisha nondo kwenye matundu na kuyajaza zege, jambo ambalo tofali zima haliruhusu. Kwa joto letu la pwani kuna faida nyingine: ukuta mzito hukusanya jua la alasiri na kuliachilia usiku, wakati ambapo watu wanataka kulala, na hewa iliyofungiwa kwenye matundu hupunguza safari hiyo ya joto.

Pamoja na sifa hizo, siwezi kumshauri mtu alinunue kwa mfyatuaji yeyote yule. Kuta zake nyembamba hazisamehe mchanganyiko hafifu. Tofali zima la sehemu 17 kwa moja litasimama kwa huruma ya ukubwa wake, bali la matundu la uwiano huo litavunjikia kwenye gari. Linahitaji kokoto ndogo, mashine yenye mtetemo wa kutosha na fundi asiyeyajaza matundu mota ovyo. Kuning'iniza kabati zito juu yake kunahitaji maandalizi, na mwizi mwenye nyundo hulipenda. Ubora wake ni wa kweli, lakini unategemea kiwanda kuliko kalibu ya barabarani.

La kufungamana lina watetezi wenye bidii zaidi, na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelinadi kwa miaka mingi. Lenye urefu wa milimita 300 na kimo cha milimita 100 huenda 33 kwa kila mita mraba, hupangwa bila mota, na likipendeza huachwa bila lipu. Akiba hiyo ni ya kweli pale penye udongo mwekundu wenye mfinyanzi wa kiasi, kama unaoukuta ukielekea Muheza, ila si kwenye kiwanja cha mchanga mtupu karibu na bahari, ambako udongo utaletwa kwa gari na kuila akiba yote. Usahihi wake nao ni mkali: kila tofali likizidi kimo kwa milimita moja upande mmoja, baada ya kozi 25 upande huo umepanda milimita 25 kuliko mwingine, na hakuna mota ya kuficha.

Ndiyo maana kwa nyumba ya kawaida naona ubishi wenye maana zaidi ni wa kununua yaliyo tayari au kuita mashine ifyatulie kiwanjani. Kununua huokoa muda, na mfyatuaji mzoefu ana mkono uliokomaa kuliko vijana wa kukodiwa kwa siku. Kufyatulia saiti hukupa nafasi ya kuhesabu ndoo kwa macho yako. Kwa matofali 2,000, tofauti kati ya 40 na 25 kwa mfuko ni mifuko 30 ya saruji, na hiyo ndiyo fedha anayoikwepa mteja anapokimbilia bei ndogo. Anayechagua kufyatulia kiwanjani na asiwe na bomba karibu, apige kwanza hesabu ya maji ya siku saba za kumwagilia asubuhi na jioni. Saiti nyingi nilizoziona zikiharibika zilikuwa na saruji ya kutosha, ila madumu yaliyoletwa na bodaboda yalikoma siku ya pili.