Kanuni ya wageni, anayebanwa ni mwenyeji

Mwanza ina sababu ya kuwashuku waandishi wa kigeni. Filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka 2004, iliutangaza mji huu kama jalala: minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, wananchi wanabakiziwa mapanki, yaani vichwa na mifupa, na ndege zilezile zinadokezwa kuleta silaha. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani, watu wakaandamana mjini. Waliowacheka waandamanaji walisahau kwamba mwaka 1999 Ulaya ilisitisha kununua samaki wa Ziwa Victoria. Mtu aliyeona soko likifungwa haoni filamu kama sanaa tu.

Basi serikali ikisema mgeni aangaliwe, haisemi upuuzi. Tatizo ni nani anayeumia.

Kanuni za utangazaji za Agosti 2020, miezi isiyofika mitatu kabla ya uchaguzi, zilitaka kituo cha ndani kisijiunge na matangazo ya nje bila kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mwandishi wa ndani anapofanya kazi na mgeni awepo ofisa wa serikali. Waliolalamika wakaitwa vibaraka wa mabeberu. Lakini BBC hailali njaa kwa kukosa masafa ya Mwanza. Mwenye leseni ya kupoteza ni mmiliki wa redio ya hapa. Anayekosa habari ni mvuvi wa dagaa visiwani Ukerewe mwenye simu ya kitochi; simu hiyo haina YouTube, ina redio tu, na Dira ya Dunia, taarifa ya habari ya BBC, ilimfikia jioni kabla hajaingia ziwani kupitia vituo hivi hivi vya ndani.

Na huyo ofisa? Mwandishi wa hapa ndiye anayempeleka mgeni mwaloni samaki wanakoshushwa, anatafsiri Kisukuma, anajua mama gani ana la kusema. Weka mtu wa serikali pembeni uone kama mama huyo atafungua mdomo. Atasifu bei, atasifu barabara, ataomba kuondoka. Dokezo la silaha katika filamu ile lilihitaji mwandishi wa kuuliza maswali uwanja wa ndege bila kusindikizwa. Kukanusha kwa hotuba hakumshawishi aliyekwisha kuamini. Mapanki yenyewe yalikuwa kweli, yalikaangwa yakaliwa, na hakuna kibali ambacho kingeyafuta.

Wapo wanaotaja RTLM ya Rwanda, redio iliyochochea mauaji ya kimbari, na ukanda huu haujasahau miili iliyoshuka na mto Kagera mwaka 1994 hadi ziwani. Ni onyo zito. Ila redio ile haikuwa ya wageni, iliendeshwa na wenyewe.

Hoja moja ya serikali siipingi: kutegemea wageni ni udhaifu. Machi 2025 serikali ya Marekani yenyewe iliwasimamisha kazi watangazaji wa VOA, redio yake ya Sauti ya Amerika, Idhaa ya Kiswahili ikiwemo. TCRA haikuhusika hata kidogo. Pengo la namna hiyo litazibwa na chumba cha habari cha Mwanza kinachoweza kumtuma mtu wake kisiwani Ukara kuhoji ilikuwaje MV Nyerere, kivuko cha abiria 101, kikazama 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, pasipo mhariri kuanza kwa kuiwazia leseni. Kanuni ya 2020 ilimwongezea mhariri huyohuyo hofu.