Wale 55 wa Masaka na Rakai

Kila unapozuka mjadala wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huku kwetu, kauli mbili hazikawii kusikika. Ya kwanza husema sonona ni ugonjwa wa wenye nafasi. Maskini ana njaa na madeni, mpe fedha utaona kama hatacheka. Ya pili husema kama ni ugonjwa kweli, basi atibu daktari bingwa kwa dawa, si jirani aliyepewa mafunzo ya wiki mbili. Kauli hizi zinapingana, lakini mwisho wake ni mmoja: kwamba kuwakusanya wagonjwa wa kijijini wakae wazungumze ni kupoteza muda. Nimezisikiliza zote mbili kwa sababu kila moja imebeba kweli yake. Bado naona utafiti uliofanyika hatua chache tu kutoka kwetu Kagera umesomwa juu juu.

Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walitaka kujua kama tiba ya mazungumzo ya vikundi inaweza kuponya sonona vijijini. Eneo lile, kama Kagera, lilikuwa limezika watu wengi mno kwa UKIMWI. Hawakufika na dodoso la Marekani wakaanza kuuliza tu. Kabla ya jaribio, wenyeji waliulizwa wenyewe yanayowasumbua, na yakaibuka maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubaziga, yaani kujihurumia. Dalili zilizotajwa chini ya maneno hayo zilifanana sana na zile ambazo madaktari huziita sonona. Kisha wakaulizwa jambo ambalo mimi naliona ndiyo roho ya kazi yote: mtu mzima mwenye afya, hapa kijijini, hufanya nini? Majibu yakaingizwa kwenye kipimo. Hulima. Huoga na kuvaa vizuri. Huenda mazikoni.

Hapo kwenye mazishi lazima nisimame. Mwanzoni mwa miaka ya tisini shangazi yangu alizika mume, kisha wadogo zake wawili. Baada ya hapo alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, ungo wa maharage mapajani, akichambua. Ukipita asubuhi yupo, ukirudi adhuhuri yupo, na maharage ni yale yale. Kidole kimoja tu kinasukuma punje, kinairudisha. Siku alipofariki mtoto wa jirani, njia moja tu inatutenganisha, kilio tulikisikia sote. Shangazi hakuinuka. Kwa Wahaya hilo si jambo dogo. Wengine walisema amekuwa mvivu, wengine amerogwa, na wazee wa ukoo wakamweka kikao kumkanya. Alikubali kila alichoambiwa, akarudi kwenye kigoda. Nilipokuja kusoma miaka mingi baadaye kwamba kuna watu walihesabu mazishi kama kipimo cha afya ya akili, nilijua hawa walisikiliza wenyeji kabla ya kupima.

Jaribio lenyewe lilihusisha vijiji 30: katika 15 walichukuliwa wanaume tu, katika 15 wanawake tu. Kwa bahati nasibu, vijiji 15 vilipata tiba na 15 vikabaki kundi la kulinganisha. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wa jinsia moja na wagonjwa, ambao hawakuwa waganga wala wauguzi. Hakukuwa na dawa. Njia waliyotumia ilibuniwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman miaka ya 1970, nayo humwuliza mgonjwa mambo ya kawaida kabisa: umefiwa na nani, umegombana na nani, maisha yako yamebadilika wapi. Waliohojiwa hadi mwisho walikuwa 224.

Matokeo yalitoka 2003. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya walio kwenye vikundi na asilimia 94 ya kundi la kulinganisha walikuwa na sonona kali. Baada ya tiba, kwenye vikundi ilibaki asilimia 6.5. Kwa wale wengine ilibaki asilimia 54.7.

Watu hushangilia ile 6.5. Mimi hunisumbua ile 54.7, kwa sababu ndiyo silaha ya wapinzani. Wanasema: tazama, karibu watu 40 katika kila 100 walitoka kwenye ugonjwa bila kuguswa na mtu, kwa hiyo sonona huja na kuondoka kama mafua. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Mtu huchaguliwa kuingia kwenye utafiti wakati hali yake iko mbaya, na aliye chini sana mara nyingi atapanda kidogo hata asipotibiwa. Ndiyo maana kundi la kulinganisha linahitajika, na ndiyo maana simulizi za "nilikunywa hiki nikapona" hazitoshi.

Lakini soma na takwimu ya pili, ile ambayo hainukuliwi. Watafiti hawakuishia kuuliza mtu yumo au hayumo kwenye ugonjwa. Walipima pia uzito wa dalili. Kwenye vikundi uzito huo ulishuka kwa wastani wa pointi 17.47. Kwa kundi la kulinganisha, pointi 3.55 tu. Sasa weka mambo hayo pamoja. Watu 40 katika 100 "wametoka" kwenye sonona, ilhali mzigo wa kundi zima umepungua kidogo mno. Ninavyoielewa mimi, wengi wao waliuvuka mstari wa daktari kwa hatua moja fupi, wakasimama pale pale ng'ambo yake. Kwenye jedwali wamehesabiwa wazima. Kuwaita watu hao ushahidi kwamba sonona hupona yenyewe ni kutosoma jedwali la pili. Na bado kuna wale 55 katika kila 100 ambao hata mstari wenyewe hawakuuvuka.

Wapinzani wana hoja nyingine yenye nguvu zaidi. Kwenye majaribio ya dawa, mgonjwa anaweza kupewa kidonge kisicho na kitu asijue. Kwenye mazungumzo huwezi kumficha mtu kwamba amekaa kikundini wiki 16. Na sisi tuna adabu zetu, mgeni aliyekuhangaikia miezi minne akikuuliza "unajisikiaje?", utamwambia nafuu ipo. Nakubali sehemu ya matokeo inaweza kuwa heshima. Ila walipohojiwa tena miezi sita baadaye tofauti kati ya makundi ilikuwa bado kubwa, na heshima peke yake sidhani inadumu hivyo. Tena jibu linalofanana limekuja kutoka kwingine. Harare, mwaka 2016, Dixon Chibanda na wenzake walichapisha jaribio la watu 573 katika kliniki 24, ambako wahudumu wasio wataalamu waliwasikiliza wagonjwa kwenye benchi. Baada ya miezi sita, wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7, dhidi ya 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida.

Kuhusu fedha, utafiti unaotajwa sana ni wa vijijini Kenya, uliotolewa 2020 na Johannes Haushofer na wenzake, ukiwa na watu zaidi ya 5,700. Baadhi walipewa fedha taslimu, wengine tiba ya mazungumzo ya vikao vitano, wengine vyote viwili. Mwaka mmoja baadaye waliopewa fedha walikuwa na hali bora, kimaisha na kinafsi. Tiba haikuonyesha tofauti. Wapo wanaohitimisha hapo. Fedha zinasaidia, na anayepinga hilo hajawahi kukosa ada ya mtoto. Ila watu wale hawakuchaguliwa kwa kuwa na sonona. Walikuwa wanakijiji kwa ujumla, wengi wazima. Ukigawa dawa ya malaria kijiji kizima kisha ukapima homa, utaona mabadiliko madogo, na hutasema dawa haifai. Tiba hiyo hiyo ya vikao vitano ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake 421 waliokuwa na msongo mkubwa na historia ya kufanyiwa ukatili, matokeo yakatoka 2017, nao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Upande wa madaktari bingwa nauunga mkono karibu wote. Anayetaka kujiua, anayesikia sauti, asiyekula siku tatu, huyo hapaswi kuachwa kwenye kikundi chini ya mwembe, apelekwe hospitali. Lakini tusijenge picha kwamba dawa zina ushahidi safi na mazungumzo yana hadithi. Mtafiti Erick Turner alionyesha mwaka 2008 kwamba katika majaribio 74 ya dawa za sonona yaliyosajiliwa Marekani, 36 hayakuwa na matokeo mazuri, na kati ya hayo ni 3 tu yaliyochapishwa yakieleza hivyo. Mengine 22 hayakuchapishwa, na 11 yaliandikwa kana kwamba yamefaulu. Dawa zinasaidia wengi, ila nazo ziliwahi kupambwa.

Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Watapima utapiamlo, watafuatilia wajawazito na wagonjwa wa kifua kikuu. Sioni kwa nini baadhi yao wasifundishwe kuongoza vikundi, na kazi yao ipimwe kwa haki: vijiji vilivyopata, vijiji vinavyosubiri, wagonjwa waliochaguliwa kwa kuwa wagonjwa kweli, na ufuatiliaji wa miaka, si miezi. Wengine wapewe na fedha pia, tuone viwili vikikutana. Ningependa kazi hiyo ianzie Missenyi, jirani na Rakai, kwa Kihaya, na katika dodoso asisahaulike yule anayekaa mlangoni pa jiko na ungo. Aulizwe: mwezi uliopita kulikuwa na misiba mingapi hapa, na wewe ulikwenda mingapi?